Kijiji cha Culross

Kama una ramani ya visiwa vya Uingereza karibu nawe, ewe msomaji, ifungue, ukaitafute nchi ya Uskoti upande wa kaskazini. Utaona mahali ambapo bahari imeingia ndani ya nchi kavu kutoka mashariki, mfano wa ulimi mrefu. Hiyo ndiyo ghuba ya Forth. Kwenye ukingo wake wa kaskazini kuna kijiji kidogo kiitwacho Culross. Usilitamke jina hilo kama lilivyoandikwa, kwa maana wenyeji huimeza ile herufi ya l. Wao husema Kuros. Wakaaji wake ni mia chache tu. Nyumba zao zina kuta zilizopakwa chokaa na mapaa ya vigae vyekundu, na vichochoro vilivyotandikwa mawe hupanda mlimani baina yake. Wageni hufika kwa wingi kupiga picha. Mimi nataka nikuonyeshe jambo lisiloonekana katika picha hizo, yaani ni akina nani waliofanya kazi iliyokitajirisha kijiji hiki, na wao walipata nini.

Mwanzo wake ni wa dini. Wazee wa kale walisimulia kwamba katika karne ya 6 binti wa mfalme, jina lake Thenew, alipata mimba nje ya ndoa, na baba yake akaamuru atupwe kutoka juu ya jabali. Hakufa. Basi akatiwa katika mashua ndogo ya ngozi isiyo na kasia, akasukumwa baharini. Maji yakamchukua hata pwani ya Culross, naye akajifungua mtoto mwanamume mchangani. Mtakatifu Serf, aliyekuwa na nyumba ya watawa mahali hapo, akamlea mtoto akampa jina la mapenzi, Mungo. Mungo huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kanisa la Glasgow. Wanahistoria wanaona shida kuamini kwamba Serf na Mungo waliishi wakati mmoja, lakini hadithi ilikuwa na nguvu hata mwaka 1503 askofu mkuu wa Glasgow, Robert Blackadder, akajenga kanisa dogo mahali pale palipodhaniwa kuwa ndipo alipozaliwa.

Sasa tutoke katika hadithi, tuingie katika mambo yaliyoandikwa. Mwaka 1217 Malcolm, mtawala wa jimbo la Fife, aliwaleta watawa wa shirika la Wasistersiani, akawajengea abasia juu ya mlima. Kanuni ya watawa hao iliwataka wale jasho la mikono yao wenyewe. Lakini, msomaji, hata ndani ya nyumba ya sala watu hawakuwa sawa. Kulikuwa na watawa wa kwaya, waliojua kusoma na kuimba zaburi, na kulikuwa na ndugu wa kazi, waliolima, wakachunga kondoo na kubeba mizigo. Kanisa lenyewe liligawanywa. Watawa wa kwaya walisali upande wa mashariki, ndugu wa kazi upande wa magharibi. Kufikia mwaka 1500 hivi ndugu wa kazi hawakuwapo tena, na sehemu yao ya kanisa ikaachwa ikabomoka. Sehemu ya mashariki ilidumu. Mwaka 1633, miaka mingi baada ya Uskoti kuacha utawala wa Papa mwaka 1560, ilifanywa kanisa la parokia.

Watawa ndio waliofukua makaa ya mawe chini ya ardhi ya Culross. Walichimba mpaka maji yakawashinda, mgodi ukaachwa. Hapo ndipo anapoingia mtu mwenye akili nyingi, George Bruce. Mwaka 1575 alikodishwa mgodi huo, naye akafanya jambo lililowastaajabisha watu wa zama zake. Makaa yalikuwa yanaendelea chini ya bahari, kwa hiyo aliamua kuyafuata huko huko. Mahali ambapo maji hukupwa, alijenga ukuta wa mviringo wa mawe, kama kisima kikubwa kilichosimama baharini, kisha akateremsha shimo ndani yake mpaka likakutana na mgodi uliotoka nchi kavu. Bahari ilipojaa, ukuta ule ulikuwa kisiwa, na meli zilikuja kando yake kupakia makaa. Maji yaliyovuja ndani yalitolewa kwa mnyororo wa ndoo 36 uliozungushwa na farasi watatu. Ndoo 18 zilipanda zimejaa, na 18 zilishuka tupu.

Makaa mabovu hayakutupwa. Yalichomwa chini ya masufuria mapana ya chuma yaliyojaa maji ya bahari, mpaka maji yakakauka ikabaki chumvi. Sisi tulio na jua la pwani ya Malindi twaweza kuliachia jua kazi hiyo, lakini huko kwenye mawingu na baridi hapakuwa na njia ila moto. Wahunzi wa Culross nao walifua mabamba ya chuma ya mviringo ya kuokea mikate ya shayiri, ndugu zake bamba letu la chapati, na mwaka 1599 mfalme akawapa wao haki ya kuyatengeneza. Meli zilipeleka chumvi na makaa Uholanzi, na nyingine zikarudi na vigae vyekundu tumboni ili zisiyumbe. Ndivyo vigae vilivyofika juu ya mapaa yale. Kati ya mwaka 1597 na 1611 Bruce alijijengea jumba zuri lenye dari za mbao zilizochorwa, ambalo hata leo huitwa Kasri, ingawa hakuna mfalme aliyeishi humo.

Mfalme alikuja kutembea tu. Mwaka 1617 James wa Sita alishushwa mgodini. Yasimuliwa kwamba alitembea chini kwa chini, akapanda kutoka kwa shimo la pili, akajiona amezungukwa na bahari pande zote, akapiga kelele kwamba amesalitiwa. Usimcheke. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu watu walipojaribu kumlipua kwa baruti pamoja na bunge lake kule London. Bruce akamwonyesha mashua iliyokuwa ikingoja, akamtuliza.

Kisa hicho hupendwa sana na wanaosimulia habari za Culross. Lakini mfalme alipokuwa akipita katika mgodi ule, aliwapita watu wasioweza kutoka. Miaka kumi na mmoja kabla ya matembezi yake, yaani mwaka 1606, bunge la Uskoti lilitunga sheria juu ya wachimba makaa, wabeba makaa na wapika chumvi. Mtu wa kazi hizo hakuruhusiwa kuajiriwa na bwana mwingine bila barua ya bwana wake wa kwanza. Akitoroka, bwana wake alikuwa na haki ya kumdai katika muda wa mwaka mmoja na siku moja, na aliyempokea alipaswa kumrudisha katika saa 24. Mtoro mwenyewe aliadhibiwa kama mwizi. Ameiba nini? Amejiiba mwenyewe! Ikazuka desturi pia ya bwana kumpa mzazi zawadi siku ya ubatizo wa mtoto, na mtoto aliyepokelewa zawadi hiyo alihesabiwa tangu hapo kuwa wa mgodi. Wanawake walibeba makaa mgongoni, wakipanda nayo kutoka shimoni.

Hawakuwa watumwa wa kuuzwa mmoja mmoja sokoni, nami sitaki uyachanganye mambo hayo mawili. Walilipwa ujira. Lakini mgodi ulipouzwa, wao walihesabiwa pamoja nao.

Mwaka 1625 dhoruba kali iliuvunja ukuta wa baharini, maji yakaujaza mgodi. Mwaka huohuo Bruce alikufa, na Mfalme James pia. Chumvi na biashara ya meli vilififia baadaye, na mabamba ya chuma yakashindwa na yale ya bei rahisi yaliyotoka katika viwanda vya Carron, ng'ambo ya ghuba. Sheria ile, hata hivyo, haikuzama pamoja na mgodi. Iliendelea kuwafunga wachimbaji wa Uskoti nzima. Mwaka 1775 ililegezwa, lakini aliyetaka uhuru ilimbidi aende mahakamani kuuomba, na wachache waliweza. Ni mwaka 1799 tu walipofunguliwa wote.

Umaskini ndio uliokihifadhi kijiji, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya. Mwaka 1932 chama cha kitaifa cha kuhifadhi mambo ya kale kililinunua Kasri, kikaanza kuzitengeneza na nyumba nyingine. Ndani ya kanisa la abasia kuna kaburi la George Bruce, na sanamu za mawe za watoto wake wanane wakiwa wamepiga magoti, wavulana watatu na wasichana watano. Waliozungusha farasi na kujaza ndoo hawana sanamu. Lakini bahari inapokupwa mbele ya kijiji, mabaki ya ule ukuta wa mviringo hutokeza kati ya matope, mawe meusi yaliyopangwa kwa mikono yao, mpaka maji yajae tena.