Mashua mbili zilizopita Katanga, na meli iliyoturudisha



Kila tunapoandikisha familia zilizorudi, wazee wanataja Liemba. Mwaka 1997 meli hiyo ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha wakimbizi zaidi ya 75.000. Watoto wanauliza: ilitoka wapi? Jibu linapita hapa kwetu.

Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani ndio walikuwa wakubwa wa Ziwa Tanganyika. Waliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Mwaka 1915 wakaingiza nyingine kubwa, Graf von Götzen.

Ndipo Waingereza wakachukua mashua mbili za mota zilizotengenezwa kwa ajili ya Ugiriki, za kuhudumia ndege za majini. Hazikuwa za vita. Zilikuwa za mbao, urefu kama mita 12, lakini mbio sana. Walizifunga mzinga mbele na bunduki ya rashasha nyuma, wakaziita Mimi na Toutou.

Zilifika Cape Town kwa meli, kisha treni hadi Fungurume. Hapo reli iliisha, na mbele kuna milima ya Mitumba. Mashine za mvuke na ng'ombe zilivuta, lakini njia na madaraja ni watu wa pale walivijenga, kwa mikono. Ju ilikuwa kiangazi, wanawake walibeba maji kichwani ili mashine zisizimike. Kutoka Sankisia wakapanda treni mpaka Bukama, wakashuka Lualaba mpaka Kabalo, tena treni mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo.

Tarehe 26/12/1915 mashua hizo ziliteka Kingani ya Wajerumani. Tarehe 9/2/1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Mwezi wa saba, Wajerumani wakiacha Kigoma, walizamisha Götzen wenyewe. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Vitabu vinamtaja sana kamanda wa mashua, Spicer-Simson. Majina ya wanawake wale wa maji sijayasoma popote.

Kwa hiyo, ninyi mliopanda Liemba 1997, msinyamaze. Waambieni watoto, tena muandike hata kwenye daftari ya shule: siku gani mlipanda, pamoja na nani, mlibeba nini, nani hakurudi. Kama hatuandiki sisi, kesho itasomwa paka meli, na watu hapana.