Wasichana watatu wa Lexington

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, walimu walipimwa na kamati ya kila mji. Aliyejua kusoma, kuandika na hesabu, tena mwenye mwenendo mwema, alipewa cheti. Kama alijua kufundisha, hilo lilionekana baadaye, na walioumia ni watoto.

Horace Mann, katibu wa halmashauri ya elimu tangu 1837, hakuridhika. Tajiri Edmund Dwight alitoa dola 10,000 kwa sharti kwamba serikali nayo itoe kiasi hicho. Na tarehe 3 Julai 1839 shule ya ualimu ikafunguliwa Lexington. Wanafunzi waliofika ni wasichana watatu tu! Mwalimu wao, Cyrus Peirce, aliwafundisha vivyo hivyo, kisha akawaweka mbele ya watoto wa shule ya mfano, naye akiwatazama na kuwasahihisha. Mwaka 1840 baadhi ya wabunge walitaka kuzifuta shule hizo, wakashindwa.

Lakini cheti, nionavyo ndilo jambo zito zaidi, kilibaki mikononi mwa kamati za miji. Kijana aliyefundisha miezi ya baridi tu, asiyepata kuandaliwa popote, aliweza kupewa darasa sawasawa na mwanafunzi wa Peirce.