Jiometri ya Njia: Tabora na Maarifa ya Misafara kuhusu Maziwa Makuu, 1855–1858

Insha hii inajadili namna misafara ya biashara ya karne ya 19 ilivyoieleza nchi kwa mpangilio wa njia na vituo badala ya tarakimu. Hoja yake ni kwamba maelezo hayo hayakuwa malighafi iliyosubiri kusahihishwa na vyombo vya Wazungu. Yalikuwa jiometri ya aina yake, na katika suala la Maziwa Makuu ndiyo yaliyosahihisha ramani.

Msingi wa jiometri hiyo ulikuwa mfuatano. Kutoka Bagamoyo, nchi zilitajwa kwa zamu: Uzaramo, Ukutu, Usagara, Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali, ndipo Unyanyembe. Mwendo wa siku haukuwa kipimo thabiti, kwani ulirefuka au kufupika kulingana na maji, mizigo na maradhi. Kilichodumu ni mpangilio wa vituo na mahali njia zilipogawanyika. Kazeh, katika Tabora ya leo, ilikuwa njia panda kuu: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda.

Thamani ya maarifa hayo ilidhihirika pale yalipochorwa vibaya. Mmisionari Jakob Erhardt, akishirikiana na Johannes Rebmann, alikusanya habari za wasafiri wa pwani. Walioanzia sehemu mbalimbali walieleza kwamba njia zao ziliishia kwenye maji makubwa. Erhardt aliiunganisha miisho hiyo kwa ufuo mmoja. Ramani iliyochapishwa mwaka 1856 ikaonyesha bahari moja kubwa katikati ya bara. Lakini njia tatu kuishia majini si ushahidi kwamba maji hayo ni mamoja.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh Novemba 1857 wakiwa na ramani hiyo. Kwa mujibu wa Speke mwenyewe, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir alipoulizwa juu yake alieleza kuwa maziwa ni matatu: Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini, lililo kubwa kuliko la Ujiji. Hakutaja latitudo wala longitudo. Alitenganisha maziwa kwa kuyapanga kuizunguka Kazeh. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa la kaskazini.

Vipimo vya msafara huohuo havikuwa salama. Kwa kipimajoto chenye kasoro, Ziwa Tanganyika lilikadiriwa kuwa takriban mita 560 juu ya usawa wa bahari, ilhali liko karibu mita 770. Tarakimu zilikosea, mpangilio wa Snay ulisimama.

Hata hivyo, jiometri ya njia ilikuwa na mipaka. Haikuweza kutoa umbo la fuo, na mahali pasipopitwa na njia palibaki kimya. Kwa sababu hiyo haikuondoa haja ya upimaji.

Reli inatoa ushahidi wa baadaye. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Wahandisi walipima kila hatua, lakini umbo lilibaki lilelile: shina kutoka pwani, fundo Tabora, matawi kuelekea maziwa mawili. Hivyo basi, mtafiti wa masimulizi ya misafara anapaswa kuuliza kwanza kipi kinafuata kipi na njia zinakutana wapi, kabla ya kugeuza siku kuwa kilomita. Hapo ndipo Erhardt alipopotea.