Simu Tatu Mfukoni: Mawasiliano na Uchumi wa Juba, 2005–2020

Mwaka 2005 Leonard Waverman na wenzake walikadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, ongezeko la simu za mkononi 10 kwa kila watu 100 huambatana na nyongeza ya asilimia 0.59 katika kasi ya ukuaji wa uchumi. Kadirio hilo limenukuliwa mno na washauri wa sera. Mwaka huohuo, tarehe 9 Januari, Mkataba wa Amani wa Sudan ulitiwa saini Nairobi, na Juba ikawa makao ya serikali ya Kusini. Historia ya simu katika mji huo inatia shaka, si katika hesabu ya Waverman, bali katika kile kinachohesabiwa.

Kampuni za simu zilizoingia Juba baada ya mkataba hazikuzungumza lugha moja. Gemtel ilitumia msimbo wa Uganda, 256. Zain na MTN zilitumia 249 wa Sudan. Kwa namba, simu ya kutoka duka moja la soko la Konyo Konyo kwenda duka la jirani iliweza kuwa simu ya kimataifa. Wafanyabiashara walibeba simu mbili au tatu, moja kwa kila mtandao. Daftari la laini lilionesha wateja watatu. Sokoni alikuwapo mtu mmoja, aliyelipa mara tatu.

Hata hivyo, msimbo wa Uganda ulikuwa na mantiki yake. Bidhaa nyingi za Juba zilipita Nimule, zikitoka Kampala na bandari ya Mombasa. Kwa mwenye duka, kumpata muuzaji wa Kampala kulikuwa na faida ya papo hapo. Simu ilipunguza gharama ya kuagiza kabla ya kumfaa mkulima wa Sudan Kusini, ambaye mara nyingi hakuwa na mnara wala barabara. Tofauti hiyo haionekani katika wastani wa nchi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai 2011, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliipa nchi msimbo wake, 211, siku chache tu baadaye. Lakini Januari 2012 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Khartoum kuhusu ada za bomba. Mafuta yalileta takribani asilimia 98 ya mapato ya serikali, na pato la taifa lilianguka kwa karibu nusu. Simu za Juba ziliendelea kulia. Mtafiti anayeingiza mwaka huo katika jedwali lake, bila kulitaja bomba, atadhani anapima simu.

Kenya hutolewa kama mfano wa kuigwa. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa, iliyoanza 2007, iliziondoa takribani kaya 194,000 katika umaskini uliokithiri. Lakini M-Pesa ilisimama juu ya mawakala wenye fedha taslimu na shilingi inayoaminika. Juba ilikumbwa na vita Desemba 2013 na tena Julai 2016. Katikati, Desemba 2015, pauni iliachiwa ielee, ikaporomoka. Huduma ya m-Gurush ilikuja 2019 tu. Mwaka uliotangulia, Vivacell ilifungiwa kwa mzozo wa leseni, na namba zilizokuwa mtaji wa wafanyabiashara, zilizoandikwa katika madaftari ya wateja wao, zikawa tarakimu tupu. Mshauri anayependekeza minara zaidi angefaa kuuliza kwanza nani anaweza kuizima.

Mwanzoni mwa 2020 mkongo wa nyuzi ulifika Juba kutoka upande wa Uganda, kama ulivyotoka huko msimbo wa 256. Minara mingi imeendelea kutegemea majenereta, na dizeli ya majenereta hayo huingia kwa malori kupitia Nimule, katika nchi inayouza mafuta ghafi.