Kura 1,143 zilizoshindwa na 296

Sisi vijana wa kambini hatupigi kura: kwetu tulikimbia, hapa ni wageni. Ndiyo maana kisa cha John Wilkes kimetugusa.

Mwaka 1763 mbunge huyu wa Uingereza aliikosoa hotuba ya mfalme kwenye gazeti lake, toleo namba 45. Akaandamwa, akakimbilia Ufaransa. Mwaka 1768 akarudi, akagombea Middlesex, jirani na London, akashinda. Akafungwa jela, na Februari 1769 Bunge likamfukuza. Wapiga kura wakamrudisha. Bunge likakataa, wakamrudisha tena! Aprili, akiwa bado jela, alipata kura 1,143. Henry Luttrell akapata 296. Kiti akapewa nani? Eti Luttrell.

Waliopiga kura walikuwa wanaume wenye ardhi tu, tena kwa kutaja mgombea hadharani. Lakini wasio na kura hawakunyamaza: walijaa barabarani, wakaandika "45" kwa chaki milangoni.

Mwaka 1774 Wilkes alichaguliwa tena, safari hii akaachwa aingie. Mwaka 1782 Bunge likalifuta azimio la kumzuia kuchaguliwa. Miaka 13, jamani.

Wengi wa wale wa chaki hawakuwahi kupiga kura. Tukiambiwa "nyinyi hamna kura, nyamazeni," tuwakumbuke hao.