Mchoro na Kipimo: Asili ya Kuunganisha Vihisi na Modeli za Majengo

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Atakaye kuujua wema wake sharti aingie ndani. Neno hilo lafaa kuwa msingi wa makala haya, kwa kuwa majengo mengi ya siku hizi husifiwa kwamba hayapotezi nishati hata kabla hayajakaliwa na mtu. Sifa hizo hutoka katika mchoro. Ukweli wake hutoka katika kipimo. Nia yetu ni kueleza jinsi elimu hizi mbili zilivyozaliwa mbalimbali, na kwa nini ilibidi ziunganishwe.

Iliyotangulia ni elimu ya kupima. Katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, alikuwako mwalimu wa chuo cha ualimu aliyeitwa Warren Johnson. Wakati wa baridi mtunzaji wa chuo hakuwa na budi kuingia darasa moja baada ya jingine ili kutazama kipimajoto, kisha ateremke chini ya jengo kurekebisha tanuru. Na kila alipoingia masomo yalikatizwa. Johnson akabuni chombo cha umeme cha kuwekwa darasani, ambacho kilimpigia kengele mtu wa tanuru joto lilipobadilika. Mwaka 1883 alipata hataza ya chombo hicho, na mwaka 1885 kampuni yake ikaanzishwa. Tangu hapo chumba kikaanza kueleza hali yake chenyewe. Hata hivyo kengele ile ilijua joto tu. Haikujua ukubwa wa chumba, wala unene wa kuta, wala idadi ya madirisha.

Elimu ya kuchora kwa kompyuta ilikuja baadaye sana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alieleza programu yake ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Katika miaka ya 1970 Charles Eastman, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, aliiona kasoro ya michoro ya karatasi: ukuta mmoja huchorwa mara nyingi, na ukibadilishwa katika karatasi moja, karatasi nyingine zote husema uongo. Akashauri kwamba kila sehemu ya jengo iandikwe mara moja tu katika kompyuta, pamoja na umbo lake, mahali pake na sifa zake, na michoro yote itolewe humo. Hiyo ndiyo asili ya modeli za kidijitali za leo. Lakini modeli hizo nazo zilikuwa na upungufu: kwa kawaida kazi yake ilikwisha siku mwenye jengo alipokabidhiwa funguo.

Shida ndiyo iliyozikutanisha elimu hizi. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani na baadhi ya nchi nyingine, na bei ikapanda karibu mara nne. Ndipo wenye majengo walipoanza kuhesabu nishati kwa dhati. Lakini kuhesabu si kupima. Huko Uingereza, kati ya 1995 na 2002, wachunguzi wa mradi wa Probe waliyarudia majengo yaliyokwisha kukaliwa, wakaona kwamba mengi yalitumia nishati kuliko ilivyotazamiwa. Taa na mitambo iliachwa ikienda pasipo haja, na vidhibiti vilikuwa vigumu kufahamika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hilo sasa laweza kupatikana. Vihisi, yaani vyombo vidogo vipimavyo joto, unyevu, mwanga na mtetemo, vimekuwa rahisi kwa bei, na intaneti huvisafirishia habari. Jengo la The Edge mjini Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 2015, liliwekewa vihisi vipatavyo 28,000. Nao watafiti wa Cambridge waliunganisha habari za vihisi na modeli ya jengo moja la chuo kikuu chao, na mwaka 2020 wakaeleza jinsi walivyotambua hitilafu za pampu za mitambo ya hewa na joto. Faida yake ni dhahiri. Kihisi husema kwamba pampu yatetemeka. Modeli husema ni pampu ipi, iko wapi, na inahudumia vyumba vipi. Bila modeli, kipimo ni namba isiyo na mahali. Bila kihisi, modeli ni kumbukumbu ya nia tu.

Jambo hili si dogo, kwa maana majengo hutumia karibu asilimia 30 ya nishati itumiwayo duniani. Lakini tusidhani kwamba vyombo peke yake vyatosha. Vihisi vyenyewe hula umeme, navyo vyaweza kuwapeleleza wakaao ndani. Na modeli isiyosahihishwa kila ukuta unapobomolewa hurudia uongo ule ule wa karatasi alioukimbia Eastman. Kengele ya Johnson haikulegeza moto wa tanuru; ilimwita mtu tu. Asipokuwako wa kuitika, kengele ingelia bure, na kuni zingeteketea vile vile.