Kwa nini masikio huziba mtu ateremkapo Mai Mahiu

ABIRIA anayepanda matatu katikati ya jiji la Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini huanza safari yake kwa kukwea. Huacha jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, akapita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo hadi nyanda za Limuru, zilizo zaidi ya mita 2,200. Kufikia hapo masikio hayamsumbui sana. Taabu huanza gari linapoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, kwenye barabara iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Masikio huziba, sauti ya utingo husikika kana kwamba anaongea akiwa chumba cha pili, na watoto wachanga huangua kilio.

Mbona kuteremka kuudhi kuliko kupanda? Nyuma ya kiwambo cha sikio mna chumba kidogo chenye hewa na vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Hilo ndilo sikio la kati. Mlango wake wa pekee wa hewa ni mrija wenye urefu wa takriban sentimita 3.5 kwa mtu mzima, unaofungukia nyuma ya pua. Mrija huo huitwa kwa jina la tabibu Bartolomeo Eustachi aliyefariki mwaka wa 1574, naye pia Mwitaliano.

Mrija huu kwa kawaida hufungwa, na ni heri uwe hivyo, la sivyo tungesikia pumzi na sauti zetu wenyewe zikivuma kichwani. Hufunguka kwa muda mfupi sana tunapomeza mate au kupiga miayo, misuli ya kaakaa inapouvuta. Hata mtu asiyesafiri anauhitaji, kwa sababu utando wa sikio la kati hufyonza hewa polepole na kuipeleka kwenye damu, hivyo lazima hewa mpya iingie kila mara.

Unapopanda mlima, shinikizo la hewa ya nje hupungua. Hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka, ikausukuma mrija na kutoka yenyewe. Unapoteremka mambo hugeuka. Hewa ya nje huwa nzito zaidi, hukisukuma kiwambo ndani, na mdomo wa mrija hubanwa badala ya kufunguliwa. Sasa ni sharti misuli ifanye kazi. Ukichelewa kumeza, tofauti ya shinikizo huweza kuwa kubwa hata misuli ishindwe kabisa. Ndiyo sababu yafaa kuanza kumeza au kutafuna kabla ya masikio kuuma.

Wasafiri wa ndege watatambua jambo moja la ajabu. Hewa ndani ya ndege za abiria hudumishwa ili shinikizo lake lisiwe chini ya lile la mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari, kwa hiyo anayeondoka Nairobi haoni badiliko kubwa. Anapotua Mombasa, hata hivyo, huteremshwa hadi karibu na usawa wa bahari, na hapo masikio hulalamika. Anayerudi Nairobi huponea.

Peremende, chingamu au maji husaidia, na mtoto mchanga anyonyeshwe ndege ikishuka. Pia kuna mbinu ya Antonio Valsalva (1666-1723): kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu. Taratibu, nasisitiza, kwani nguvu nyingi huweza kujeruhi sikio. Mwenye mafua asiijaribu, maana atasukuma kamasi ndani.

Kwa watoto wadogo suala hili si la safari tu. Mrija wao ni mfupi na umelala zaidi, na tezi zilizo nyuma ya pua huweza kuuziba. Mafua ya majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, moshi wa jiko au sigara, na chupa ya maziwa anayopewa mtoto akiwa amelala chali huzidisha hatari. Hewa ikikosa kuingia, majimaji hujikusanya nyuma ya kiwambo. Mara nyingi mtoto haumwi na lolote, ila husikia kama aliyezamisha kichwa majini. Darasani huitwa mkaidi au mzito wa kuelewa, na huenda akachapwa kwa kosa ambalo si lake.

Mafuta ya moto na vijiti vya pamba havisaidii, kwani kiwambo kinazuia njia, na iwapo kimetoboka, mafuta huingia pasipostahili. Chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2011 hupunguza baadhi ya maambukizi ya sikio. Mtoto mwenye homa au usaha apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Majimaji yasiyo na maambukizi mara nyingi hukauka yenyewe katika miezi mitatu. Yasipokauka, mtoto hupimwa usikivu katika kliniki ya masikio, pua na koo, kama ile ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Huenda daktari akaweka kijimrija kidogo mno kwenye kiwambo, ili hewa iingie kutoka nje badala ya kupitia puani. Kijimrija hicho huanguka chenyewe baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja hivi, na kwa kawaida tundu hujifunga.